Walimu wa ufundi tunafundishwa kupakia PDF na kutunga maswali ya kuchagua, upimaji wa karakana hakuna anayeugusa

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira na nitaandika nikiwa nazo, maana mara mbili nimesubiri zipoe na mara zote mbili nikaishia kunyamaza.

Mimi ni mwalimu wa umeme wa majumbani kwenye chuo cha ufundi stadi, huu mwaka wa kumi na moja. Kabla ya hapo nilikuwa fundi mtaani. Jina la chuo sitaji, waandaaji wa semina ya kufundisha kwa mtandao tuliyopewa nao sitawataja, msiniulize.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa karakana na wanafunzi wa ngazi ya pili. Kila mmoja ana ubao wake wa mazoezi: meni swichi, breka, taa ya swichi ya njia mbili na soketi. Kuna kijana mmoja ambaye siku mbili nyuma alifanya jaribio la mtandaoni la usalama akapata 19 kati ya 20. Swali la nne lilimuuliza aanze na nini kabla ya kufungua ubao wa umeme. Alichagua jibu sahihi: zima meni, funga kwa kufuli asiwashe mtu mwingine, kisha pima kwa testa uthibitishe hakuna umeme. Jumatano kijana huyo huyo kachukua bisibisi, kaanza kulegeza skrubu za breka huku meni imewashwa. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimvuta kwa kola ya ovaroli mpaka kitambaa kikachanika begani.

Kwenye mfumo wa masomo wa mtandaoni wa chuo, moduli yake ya usalama ilikuwa imeshaandikwa amefaulu, na alama ya kijani juu. Jaribio lile nililitunga mimi, kwa namna ile ile niliyofundishwa semina. Usiku ule sikulala.

Sasa semina yenyewe. Siku tatu, ukumbi wa hoteli, tulikuwa walimu kama arobaini: umeme, magari, ushonaji, upishi, useremala, uchomeleaji. Mwezeshaji alikuwa kijana mstaarabu na kompyuta anaijua, hilo simnyimi. Siku ya kwanza nusu yake iliishia kwenye nenosiri na intaneti ya hoteli. Ya pili tukapakia PDF. Ya tatu maswali ya kuchagua, ya kweli au si kweli, na ya kuoanisha. Mwalimu mmoja wa ushonaji, mama mtu mzima, akanyoosha mkono: "Mwanangu, mshono wa kola nitaupimaje humu ndani?" Akajibiwa, "Mama, tunga maswali kumi kuhusu kola." Hakuuliza tena mpaka tunapiga picha ya pamoja na kupewa vyeti vya ushiriki.

Swali la yule mama ndilo lilikuwa semina nzima, na lilipitwa kwa sentensi moja.

Mitaala yetu ni ya umahiri. Tunatakiwa kusema mwanafunzi anaweza kufanya nini, kwa vifaa gani, kwa kiwango gani, kwa muda gani, halafu tunatoa hukumu: mahiri au bado. Maswali ya kuchagua nayatumia na nitaendelea kuyatumia kwa nadharia. Kanuni ya Ohm, rangi za waya, kwamba taa kwa kawaida inavutiwa waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5, hayo yanapimika vizuri kwa simu. Lakini kumpa mtu cheti cha usalama kwa sababu ametambua sentensi sahihi kati ya nne ni kumpeleka kwenye nyumba ya mtu akiwa hajapimwa. Kesho atakwenda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuomba leseni ya ufundi umeme akiwa na karatasi yenye sahihi yangu.

Na wala msiniambie mtandao hauwezi kupima kazi ya mikono. Unaweza. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni ambao ndio tuliofundishwa siku zile tatu, ni ya bure, ipo tangu 2002, na ina sehemu ya mwanafunzi kuwasilisha kazi kwa video na sehemu ya mwalimu kusahihisha kwa jedwali la vigezo. Hivyo vyote nimevigundua mwenyewe usiku, kwa bando langu. Nikaandika vigezo vya ubao wangu. Cha kwanza, amezima meni na kuthibitisha kwa testa kabla hajagusa chochote, na hiki hakina alama za katikati: akikiruka, kazi yote ni bado. Kisha swichi ikate laivu, waya unaoleta umeme, isikate nyutro, waya wa kurudisha. Erthi ifike kila inapotakiwa. Mega, kipimo cha kuona kama umeme unavuja kwenye waya, ikipiga kwa volti 500 isisome chini ya megaomu 1. Mwenzake anamrekodi kwa simu dakika tatu, sura ionekane mwanzoni, video isikatwe, na mwishoni anajibu kwa mdomo swali moja langu asilolijua mapema.

Nina wanafunzi 38 kwenye karakana moja. Nikimsahihisha mmoja, wengine 37 siwaoni wanavyoanza kazi, naona ubao uliokwisha kufungwa tu. Ubao uliofungwa vizuri hauniambii kama meni ilizimwa kwanza. Video inaniambia. Faida yenyewe ndiyo hiyo, na ndiyo ambayo haikupewa hata dakika kumi.

Nilikaa na wenzangu wawili tukasahihisha video tano, kila mtu peke yake, bila kuoneshana. Mbili tulitofautiana kabisa: mmoja kasema mahiri, mwingine bado. Tulibishana saa nzima mpaka tukagundua kigezo chetu kimoja kilikuwa kimeandikwa vibaya. Saa ile moja ilinifundisha upimaji kuliko zile siku tatu za hotelini. Kwa nini hakuna semina inayofanya hivyo?

Baada ya hapo mfumo wa chuo ukaikataa video ya kwanza. Kikomo cha faili ni MB 2, kile ambacho seva huja nacho, na hakuna aliyewahi kukigusa. Nimeomba kipandishwe, huu mwezi wa pili naambiwa nisubiri.

Mambo haya si mageni. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walipoanzisha VSOMO, programu ya kusomea ufundi kwa simu, mwaka 2016, nadharia ilisomwa kwenye simu na vitendo vikafanyika chuoni, yaani mpaka wa simu na karakana ulikuwa umeshachorwa. Jirani zetu Kenya, kwenye mitihani inayosimamiwa na TVET CDACC, baraza lao la mitaala na upimaji wa ufundi, mwanafunzi anakusanya jalada la ushahidi wa kazi zake, na upimaji unapitiwa na mhakiki wa ndani na wa nje. Sisemi kwao hakuna shida. Nasema pa kujifunzia papo.

Lililonifanya nifungue uzi huu ni kikao cha jana. Walimu tumepangwa kwa idadi ya majaribio tuliyopakia. Mimi nina 14, nikapigiwa makofi. Mwenzangu wa uchomeleaji ana mawili, akaambiwa mbele ya watu kwamba amekataa mabadiliko. Huyu ni mtu anayebana kipande cha kila mwanafunzi kwenye jiliwa na kukipinda kwa nyundo mbele ya darasa zima, waone kiungio kinakatikia wapi na kwa nini. Alikaa kimya ameshika daftari lake. Mimi niliyekaribia kupoteza mtoto wa watu ndiye niliyepongezwa.

Matokeo ya yule kijana nimeyarudisha kuwa bado. Nimeulizwa kwa maandishi kwa nini nimeshusha ufaulu wa idara, nimejibu kwa maandishi. Anarudia kazi Ijumaa, mbele yangu.

Semina nyingine imetangazwa mwezi ujao, na mada ni maswali ya kuchagua, sehemu ya pili. Nimeandika barua kuomba ifanyike karakana, siku moja tu, kila mwalimu aje na kazi ya mwanafunzi wake na simu yake, tutunge vigezo na tusahihishe pamoja. Kama kuna mwalimu wa ufundi humu, wa fani yoyote, aliyewahi kupata mafunzo ya namna hiyo, aandike hapa yaliendeshwaje na yalichukua muda gani. Nataka kuyaambatisha kwenye barua kabla ya Ijumaa.