Nafundishaje haki za Katiba wakati fimbo iko ofisini?

Chaki Nyeupe ameuliza:

Walimu wenzangu na wadau wengine, naombeni mawazo.

Nafundisha Uraia kidato cha pili, shule ya kata. Mada ya haki za binadamu kwenye kitabu imekaa kama orodha: haki ya kuishi, haki ya kutoa maoni, haki ya kumiliki mali, na kadhalika. Wanafunzi wanaikariri, wanaimwaga kwenye mtihani, imeisha. Ukimuuliza mmoja wao haki ya kusikilizwa inamsaidia nini yeye, huko anakoishi, anakutazama tu. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza na wengi Kiingereza bado kinawapiga chenga, kwa hiyo nikaamua kutoa nakala za Katiba yenyewe ya Tanzania, Ibara ya 12 hadi ya 30, tusome kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa.

Tukafika Ibara ya 13(6)(e), inayosema ni marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Binti mmoja ambaye kwa kawaida hasemi akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kuchapwa mstarini je?" Darasa zima likanyamaza, macho yote kwangu. Asubuhi ile ile waliochelewa walikuwa wamechapwa mbele ya shule nzima.

Nilimwambia swali lake ni la maana na kwamba nitalijibu kipindi kijacho, ambacho ni Alhamisi. Sitaki kumdanganya. Sitaki pia kusimama mbele ya watoto nikawahukumu walimu wenzangu. Mkuu wa shule keshazipata habari, akaniita na kuniambia kwa upole nisije nikawafanya watoto wabishi. Ninyi mnaofundisha mada hii mnapitia wapi?

Bibi Ubao amejibu:

Mwalimu, pole na hongera. Mimi ni mstaafu, nimefundisha Kagera karibu maisha yangu yote ya kazi, na mada hiyo naijua ugumu wake.

Nianze na hili: usianze na fimbo. Si kwamba uikwepe, utaifikia. Lakini ukianza nayo, Alhamisi yote itakuwa wanafunzi dhidi ya walimu, na hakuna atakayejifunza Katiba hapo. Waanzishie na mtu aliyeishika Katiba mkononi ikamfaa, halafu wewe kaa pembeni wabishane.

Mimi nilikuwa nawapa kesi ya Holaria Pastory. Ni mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Uzee ulipomfikia na mtu wa kumtunza hana, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000, tena kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe, kwa hoja kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hula matunda ya shamba la ukoo akiwa hai lakini hana mamlaka ya kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mama akakata rufani Mahakama ya Wilaya, akashinda. Mpwa naye akapanda Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke kile inachomruhusu mwanamume inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba. Mauzo yakasimama. Kama ukoo unalitaka shamba, mpwa amrudishie mnunuzi ile laki tatu, sawasawa na ambavyo ingekuwa muuzaji ni mwanamume.

Sasa tazama mambo yaliyomo humo. Mwalimu akiandika ubaoni "usawa mbele ya sheria", mtoto wa kijijini hana pa kulishika neno hilo. Mwambie habari ya shamba la ukoo, shangazi na mpwa, atakueleza hadi nani alikaa kikao. Wavulana wangu walikuwa wanapiga meza: shamba la babu haliuzwi kwa mgeni! Wasichana wanauliza, mbona akiuza mjomba hamsemi? Hapo ndipo unawafungulia Ibara ya 12 na ya 13. Kuna waliokuja kuniambia mama zao nyumbani wameomba wasomewe tena.

Na kuna tarehe ambayo lazima waijue, maana inaeleza kwa nini mama yule alishinda 1990 na si kabla. Katiba yetu ya 1977 ilitungwa bila sura ya haki. Haki ziliingizwa na marekebisho ya 1984, yaliyoanza kutumika 1985, kisha serikali ikapewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, hivyo ni mwaka 1988 ndipo mtu aliweza kuzidai mahakamani. Watoto wanadhani haki zimekuwepo tangu zamani kama mlima. Waelewe kwamba ziliandikwa na watu, watu walizidai, na bado zinadaiwa.

Baada ya kesi hiyo ndipo uwaletee 13(6)(a), haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu kabla ya kuamuliwa jambo lako. Hii ifanyeni iwe ya darasa lenu. Mkebe wa hesabu ukipotea, anayeshukiwa asimame, aelezwe anashukiwa kwa lipi, aseme yake, aite shahidi kama anaye, kisha kiranja na wenzake waamue, na asiyeridhika aje kwako kama rufani. Mwanzoni watacheka na kuzomeana. Wakizoea, utaona mtoto anayeonewa kila siku kwa sababu ya umaskini wao nyumbani anaanza kuinua kichwa, kwa kuwa safari hii kuna mtu aliyemuuliza kabla ya kumwita mwizi.

Fimbo sasa. Hapo wapo wanasheria humu, waseme wao. Mimi nitasema tu kwamba nilifundisha miaka yote hiyo na mtoto aliyeuliza swali la haki hakuwahi kunisumbua nidhamu. Waliokuwa wakinisumbua ni wale walioamini kwamba kusema hakusaidii.

Wakili wa Mtaani amejibu:

Bibi amesema vizuri. Naongeza upande wa sheria kwa sababu swali la huyo binti lina jibu, ila ni refu kuliko ndiyo au hapana.

Viboko shuleni Tanzania Bara havijafutwa kisheria. Vipo chini ya kanuni zilizotungwa kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya 1978. Lakini zisome kanuni hizo: kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, mchapaji ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu pamoja na sababu yake. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina. Kuchelewa namba ukachapwa na yeyote aliye zamu, bila kuandikwa popote, hakumo katika kanuni hizo. Kwa hiyo bila hata kufika kwenye Katiba, kilichotokea mstarini unaweza kukipima kwa kanuni za serikali yenyewe. Wape wanafunzi kanuni mkononi waisome, wapime wao. Hutahukumu mwalimu yeyote.

Kwamba kanuni zenyewe zinakubaliana na 13(6)(e) au la, hapo ndipo somo lilipo. Waonyeshe Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa manufaa ya umma. Mfano mzito ni kesi ya Mbushuu: mwaka 1994 Jaji Mwalusanya huyo huyo wa Mahakama Kuu alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaiacha ibaki kwa nguvu ya 30(2). Mwanafunzi akielewa kesi hiyo ameelewa kwamba haki iliyoandikwa inaweza kubanwa, na kwamba anayebana lazima atoe sababu.

Wengi hatuwaambii pia kwamba Ibara ya 11(2), inayotaja haki ya kila mtu kujielimisha, iko katika sehemu ambayo Ibara ya 7(2) inasema mahakama haziwezi kuitilia nguvu. Imeandikwa, ni dira kwa serikali, lakini huwezi kwenda nayo mahakamani peke yake kama unavyoweza kwenda na Ibara ya 12 hadi ya 29 kupitia 30(3). Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa mchango anastahili kuujua ukweli huo, asije akashikilia ibara isiyombeba.

Kesi ya mwisho, ya kwao kabisa: ya Rebeca Gyumi, aliyeipeleka serikali mahakamani kuhusu umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani, ikashindwa 2019. Wasichana wako wa kidato cha pili wako hasa kwenye umri uliokuwa unabishaniwa.

Baba Watatu amejibu:

Mimi ni mzazi tu, nitasema ninavyoliona. Nakubaliana na mengi hapo juu. Lakini watoto wangu wakirudi kutoka shuleni wanazijua haki zote, ukimtuma mmoja maji anakwambia ni ajira ya watoto. Mnafundisha nusu. Mbona wajibu hamuutaji?

Bibi Ubao amejibu:

Ndugu Baba Watatu, wajibu umo humo humo kwenye Katiba. Ibara ya 25 inasema kazi ndiyo inayozaa utajiri wa mali katika jamii, ya 26 kutii sheria, ya 27 kulinda mali ya umma, ya 28 kulinda taifa. Ninakuunga mkono zisomwe pamoja na zile za haki, katika kipindi kimoja.

Na huyo mwanao anayekataa kuchota maji amefundishwa vibaya. Sheria ya Mtoto ya 2009, ile ile inayomlinda, inampa pia wajibu wa kusaidia familia na kuwaheshimu wazazi na wakubwa. Inachokataza ni kazi inayomdhuru au kumnyima shule. Kaa naye mezani msome wote wawili. Mtoto akiona baba anafungua sheria badala ya kufoka, hiyo nayo ni elimu ya Uraia.

Chaki Nyeupe amejibu:

Shikamoo Bibi, na asanteni sana wote. Nimemwonyesha mkuu wa shule kanuni alizozitaja Wakili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kitabu cha kuandikia adhabu kiko wapi. Hakuna anayejua kiko wapi. Amekubali kuja kukaa darasani Alhamisi, jambo ambalo sikulitegemea.

Nitaanza na Holaria Pastory, nimalizie na kanuni. Nina swali moja. Mtoto akinifuata faragha akaniambia nyumbani anapigwa, au anaandaliwa kuolewa, Ibara ya 13 haitamfikisha popote usiku ule. Nimwambie nini?

Wakili wa Mtaani amejibu:

Hilo nalo liwe sehemu ya somo, liandike ubaoni wanakili wote ili asionekane nani analihitaji. Simu 116 ni ya bure, kwa ajili ya watoto. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyotajwa katika Ibara ya 129, inapokea malalamiko bila malipo. Wafundishe na namna ya kusema: jina, mahali, kilichotokea, lini, nani aliona. Wafanye zoezi wawili wawili. Mtoto aliyekwisha kuyatamka maneno hayo mara moja darasani hatayakosa siku akiyahitaji.

Na akikufuata wewe, usimwahidi kuifanya siri. Mwambie utamweleza nani na kwa nini, kisha nenda naye.

Bibi Ubao amejibu:

Marahaba mwanangu. Kwa kesi ya shamba, gawa darasa pande mbili na wachache wawe mahakama. Upande wa ukoo wape wasichana, upande wa mama wape wavulana, kila mmoja atetee asichokipenda. Wape muda waandike hoja zao kwanza. Na hukumu ya Mwanza usiwatajie mpaka mahakama yao imetoa ya kwake na kusema sababu.