Naomba ushauri: mkataba na chuo kikuu umekwama miezi saba

Habari zenu ndugu wanakikundi. Nina kiwanda kidogo cha kukausha nanasi Kayunga, hapa Uganda, tuko watu tisa. Shida yetu ni kwamba nanasi likikaa miezi miwili kwenye pakiti linageuka rangi na kuwa jeusi, na wanunuzi wanalirudisha.

Nilikwenda chuo kikuu kimoja, mhadhiri akaipokea kazi kwa moyo wote. Yeye na wanafunzi wake walikuja, wakachukua sampuli. Tatizo likaanza kwenye makaratasi. Chuo kinataka matokeo yote yawe mali yake, na mhadhiri anahitaji kuyachapisha ili apandishwe cheo. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini mimi nikitangaza namna ninavyokausha, wenzangu wenye mitaji mikubwa watanimaliza. Rasimu iko ofisi ya sheria ya chuo tangu miezi saba iliyopita. Nimepiga simu, nimeandika barua mbili, nimekwenda mwenyewe mara tatu. Msimu mmoja umeshapita hivyo hivyo.

Najua tuna sheria ya siri za biashara ya mwaka 2009, ila sijui kuitumia kwenye mkataba.

Kwa waliowahi kufanya kazi na chuo: mliandikaje kipengele kinachomruhusu mtafiti kuchapisha bila kutoa siri yenu? Na je, nisubiri, au nipeleke sampuli taasisi ya utafiti wa viwanda (UIRI) pale Nakawa nilipie huduma tu? Mavuno yajayo yanakaribia, jamani.