Wajukuu wa Bi Mize: chetezo kiwe uani

*Jumapili*

Shangazi Zuwena (09:02): Assalaam aleikum. Nawashukuru nyote mliokuja jana. Shughuli imepita salama, biharusi kapendeza mashallah. Ila kuna mtu katoka ukumbini kabla biharusi hajaingia, na katoka bila ya kuaga. Sitaki kumtaja jina.

Mbarouk: Humtaji shangazi lakini tushamjua sote 😂

Shangazi Zuwena: Watu wananiuliza mie, "mtoto wa nduguyo kakasirishwa na nani?" Niwajibu nini?

Mama Nasra: Wifi, mtoto anaumwa kichwa. Toka jana magharibi kalala, hata maji hayakai tumboni. Dirisha kaliziba kwa blanketi.

Shangazi Zuwena: Idi alikuwa anaumwa. Hitima ya mzee alikuwa anaumwa. Jana anaumwa. Kichwa gani hicho kinachojua kalenda?

Ami Khamis: Wa aleikum salaam. Dada, taratibu.

Salma: Mie nlikaa naye meza moja. Alikuwa mzima anacheka, kilipopita chetezo cha udi tu akanyamaza kimya.

Shangazi Zuwena: Sasa udi wangu umekuwa sumu? Udi wa kununua kwa pesa yangu?

Salma: Sijasema hivo shangazi 🙏

Mbarouk: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Zuwena: Nshausoma, Mbarouk.

Nasra (16:47): Shikamoo shangazi. Shikamoo ami. Ndo kwanza naweza kushika simu, mwangaza wake nimeupunguza mpaka mwisho, nikikosea herufi msinicheke. Nisamehe shangazi. Sikukasirika na mtu.
Nlikuwa namtizama yule bi aliyekaa mbele yetu, nkaona nusu ya uso wake haipo. Haipo kabisa, kama mtu kaifuta. Kisha pembeni ikaanza ile mistari, kama meno ya msumeno yanang'ara, inatembea polepole. Hapo najua nna kama nusu saa kabla kichwa hakijaanza. Nikikaa, ntatapika mbele ya wageni wako. Nkatoka.

Shangazi Zuwena: Marahaba. Ungenambia basi.

Nasra: Maneno yenyewe yanapotea, shangazi. Nlipanda bodaboda nkamwambia "nipeleke… nipeleke…" jina la mtaa silikumbuki. Kwahani! Nlipozaliwa.

Mbarouk: Wallahi hicho si kichwa, hicho kiharusi

Dada Rukia (Chake): Mbarouk, usiwatie watu hofu. Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote. Kinaitwa kipandauso, na hiyo mistari ni mlango wake kwa baadhi ya watu. Inakuja kidogo kidogo kwa dakika, inatambaa, ndani ya saa moja inaondoka. Kiharusi kinapiga ghafla. Lakini mtu akiona hivo kwa mara ya kwanza, asijipimie mwenyewe, aende hospitali. Nasra alishapimwa.

Dada Rukia (Chake): Na kichwa kilichopasuka ghafla kama radi, au kikaja na homa na shingo ngumu, au mkono ukafa ganzi na hauamki, au kwa mjamzito mwenye presha: hapo hamna kusubiri asubuhi.

Shangazi Zuwena: Mie nasema ni kijicho. Msichana mzuri, mwalimu wa skuli, ana mshahara wake. Apelekwe kwa mwalimu apate kombe la aya anywe.

Ami Khamis: Au aumikwe kwa chuku. Waarabu wanaiita shakika, maumivu ya nusu ya kichwa. Na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliumikwa kichwani kwa sababu ya shakika, naye yumo katika ihramu. Si jambo la kudharau.

Nasra: Sidharau ami. Nimeumikwa mara mbili, na kombe nimekunywa. Nlipata raha, haikufika wiki mbili kikarudi.

Dada Rukia (Chake): Aumikwe akitaka, wembe uwe mpya tu. Havigombani.

Salma: Samahani kwa kuingilia, nani kachukua sinia kubwa la bati la shangazi? Lina alama ya rangi nyekundu chini. Limeulizwa mara tatu.

Shangazi Zuwena: Ahsante Salma. Nasubiri jibu.

Ami Khamis: Nasra mwanangu, hospitali wamekwambia nini? Maana miaka mingapi hii.

Nasra: Toka nipo darasa la kumi, ami. Nlikuwa nakwenda, napewa panadoli, narudi. Safari hii nlikwenda na daftari, ndo pakabadilika.
Da Rukia ndo alonambia nianze. Daftari la kawaida la skuli, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila siku mstari mmoja. Siku ya kichwa naweka duara. Kila kidonge nnachomeza naweka kijiti. Nimelala saa ngapi, nimekula saa ngapi, siku zangu zimeingia au bado.
Mwezi ulipokwisha nlikuwa na maduara 11. Nkampelekea daktari nkitaraji atayatizama maduara. Hakuyatizama. Akawa anapitisha kalamu kwenye vijiti, anahesabu kwa sauti. Siku 22 katika mwezi nimemeza dawa. Ile ya mchanganyiko, yenye kafeini ndani.
Akanambia, dada, hivi vijiti ndivyo vinavyozaa maduara.

Shangazi Zuwena: Dawa ya kichwa ilete kichwa? Haya ya leo mapya.

Dada Rukia (Chake): Yapo shangazi, na ndo ninayoyaona kila siku nikiwa dirisha la dawa. Mwenye kipandauso akizoea kumeza kila anapohisi kinakuja, kichwa nacho kinaizoea dawa. Ikishuka, kinadai nyengine. Panadoli na ibuprofeni zenyewe, ukifika siku 15 katika mwezi, miezi 3 mfululizo, ushaingia humo. Za mchanganyiko siku 10 tu zinatosha. Anakuja mtu anataka pakti nzima, nikimuuliza ya mwisho alimeza lini anakasirika, anakwenda duka la pili.

Mama Nasra: Alivyoziacha, jamani! Wiki mbili zile sitaki zirudi. Kichwa kila siku, analia, mie nalia naye. Nlitaka nimpe kimoja kwa siri.

Nasra: Ulinipa, mama. Kwenye uji.

Mama Nasra: 🙈

Mbarouk: 😂😂😂 Mama hana hatia, ni mapenzi

Nasra: Baada ya hapo nkaanzishiwa propranololi. Kila siku asubuhi na usiku, nikiumwa nisiumwe. Hii haitulizi, hii inazuia.

Shangazi Zuwena: Hiyo mbona ninayo mie? Si dawa ya presha? Kwani mtoto ana presha?

Dada Rukia (Chake): Hana. Ilitengenezwa kwa ajili ya moyo, miaka ya 1960. Wagonjwa wa moyo ndo waliorudi kusema na kichwa kimepungua. Ndo ikajulikana. Nyengine ni amitriptilini, ile ya huzuni, kwa kichwa inatolewa kidogo tu usiku. Zote zinataka subira, wiki 8 hadi 12 ndo uhukumu. Watu wengi wanaacha ya tatu, wanasema haifanyi kazi.
Na shangazi, nakuomba, vyako usimgawie mtu. Mwenye pumu akimeza hiyo propranololi kifua kinaweza kumfunga.

Shangazi Zuwena: Nlitaka kumpa Mbarouk.

Mbarouk: Mie nna pumu!! Shangazi!!

Salma: Nimesoma kuna sindano ya mara moja kwa mwezi huko nje

Dada Rukia (Chake): Ipo. Ya kwanza Marekani waliiruhusu 2018. Bei yake ukitajiwa kichwa kinaanza hapo hapo.

Salma: Da Rukia, na mie huwa naona vimulimuli kabla ya kichwa. Si mara nyingi. Na natumia vile vidonge vya majira vya kila si

Salma: Astaghfirullah ami yumo humu

Ami Khamis: Ami kenda kuswali.

Mbarouk: Ami, Isha bado 😂

Dada Rukia (Chake): Salma usione haya, hili bora lisikike na wengine. Mwenye kuona vimulimuli kabla ya kichwa, vile vidonge vyenye homoni mbili havimfai, vinaongeza hatari ya kiharusi. Zipo njia nyengine, hata vidonge vya homoni moja. Kesho nenda kliniki, waambie habari ya vimulimuli, maana usiposema hawawezi kukuotea. Yaliobaki njoo faragha.

Nasra: Shangazi, nataka kukujibu lile la asubuhi. Kichwa kujua kalenda.

Shangazi Zuwena: Nlikuwa na hasira mwanangu, liache.

Nasra: Hapana, umesema kweli! Nimefungua daftari sasa hivi. Idi lina duara. Hitima lina duara. Jana duara. Sasa tizama mistari yake. Ijumaa usiku tumekesha kwa biharusi, nimelala saa tisa. Alfajiri nshaamka kukatakata tungule. Chai sikunywa, nlisema ntakunywa baadae. Mchana nimesimama juani kupokea viti. Saa kumi na moja bado sijala kitu ila kipande cha andazi. Ukumbini taa ya mpiga video ipo usoni mwangu. Ndo kikapita chetezo.
Udi ulikuwa abiria wa mwisho wa daladala, shangazi. Gari lilishajaa zamani.

Mama Nasra: Na juzi yake alikuwa akipiga miayo. Mie namjua. Akianza miayo na kutafuta kashata, kesho yake kitanda.

Dada Rukia (Chake): Hiyo kweli mama. Wengine mwili unatoa taarifa siku moja kabla: miayo, hamu ya vitamu, shingo inakaza, harufu zinamchukiza. Kwa hivo pengine kichwa kilikuwa kishaanza safari, na udi ndo kaukuta mlangoni akausingizia 😄

Nasra: Siku ambazo silali na sili ndo siku za shughuli. Basi. Kwa hivo siku hizi nalala saa nne, hata Ijumaa, hata likizo. Nakula saa zile zile. Chupa ya maji naingia nayo darasani. Chai vikombe viwili, si vitano leo na kesho hata kimoja. Havina raha, wenzangu wananiita bibi kizee. Mwezi uliopita maduara 4.

Mbarouk: Na Ramadhani unafanyaje? Mie siku ya kwanza kichwa kinanipwita mpaka futari

Nasra: Ni kahawa ile. Mie napunguza toka Shaabani, kikombe kwa kikombe. Daku nakula mwisho wa saa, sili saa sita nkalala. Na daktari alinipangia dawa iangukie futari na daku. Kikinishika khasa nafungua, nalipa baadae.

Ami Khamis (20:31): Nimerudi. Mmemaliza?

Mbarouk: Tumemaliza ami 😂

Ami Khamis: Nimekaa nafikiri kitu. Dada Zuwena, unakumbuka mama na leso?

Ami Khamis: Nyie watoto hamkumuona. Wete, msimu wa karafuu, majamvi yamejaa mpaka barabarani, watu wanachambua. Mama anasimama ghafla, hasemi na mtu, anakwenda chumba cha nyuma kwenye kiza. Mie ndo mdogo, naitwa. Ananipa leso, nimzungushe kichwani, nivute. "Vuta Khamisi!" Naweka mguu kwenye tendegu la kitanda, navuta mpaka mikono inaniuma. "Bado! Vuta!" Siku mbili hatoki. Nje wanasema shetani wake kaja, hapendi karafuu.

*Shangazi Zuwena anaandika…*

*Shangazi Zuwena anaandika…*

Shangazi Zuwena: Nakumbuka. Mie nlikuwa nampelekea ndoo ya kutapikia. Sikuwa napenda. Nlikuwa naona anatukimbilia kazi.

Shangazi Zuwena: Alipofika hamsini na kitu shetani kamwacha. Tukasema kombe la mwisho ndo lilopata.

Dada Rukia (Chake): Umri huo wanawake wengi kinawapungua wenyewe, shangazi. Siku za mwezi zikishakatika. Na kinatembea katika nyumba: bibi, mjukuu.

Nasra: Bi Mize kumbe 😢 Mie nliambiwa alikuwa na maruhani tu.

Mama Nasra: Allah amrehemu.

Ami Khamis: Amin.

Shangazi Zuwena (21:15): Nasra. Alkhamisi kuna dua kwangu. Watu watakula saa nane, na unavyotujua saa nane yetu ni saa kumi. Wewe njoo saa sita, utakuta sahani yako jikoni imefunikwa, ule, kisha ukakae chumba cha nyuma kwenye upepo. Chetezo ntakiweka uani. Atakayetaka kujifukiza atakifuata huko huko.

Nasra: Ahsante shangazi 🤍 Na kukatakata tungule?

Shangazi Zuwena: Tungule utakata, kwa kukaa.

Mbarouk: Shangazi na mie saa sita, maana naona vimulimuli

Shangazi Zuwena: Wewe njoo na sinia langu. Salma kanambia lipo kwako.

Mbarouk: *Ujumbe huu umefutwa*