Kuchagua tepa ya spindo ya mashine ya milingi: Morse 3, R8 au namba 40?

Mkerezaji wa Morogoro

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo hapa Morogoro yenye mashine moja ya kukereza, na kazi nyingi ninazopata ni vipuri vya mashine za kukoboa na kusaga nafaka, shafti za pampu za umwagiliaji, na mara chache flanji (kingo bapa za kuunganishia) za chuma cha kasti zinazohitaji kusawazishwa uso. Njia za kii (mifereji kwenye shafti ya kuwekea kii, kipande cha chuma kinachozuia puli au gia isizunguke peke yake) nimekuwa nikizipeleka kwa wenzangu, na sasa nataka kununua mashine ya milingi (inayochonga chuma kwa kikataji kinachozunguka) iliyotumika.

Nimeonyeshwa tatu Dar es Salaam. Ya kwanza ni ndogo ya mezani, yenye tepa (tundu la umbo la koni kwenye spindo, ile shafti inayozungusha kikataji) ya Morse 3. Ya pili ni ya kichwa kinachogeuka, aina ya Bridgeport, yenye tepa ya R8 na mota ya hosipawa 2. Ya tatu ni nzito, imetoka Ulaya, spindo yake ni ya tepa namba 40, na muuzaji anaitoa pamoja na sanduku la holda (vishikio vya vikataji vinavyoingia kwenye tepa). Kinachonitatiza ni kwamba tulipozijaribu holda hizo, baadhi zilifungwa vizuri, lakini nyingine ziliingia kwenye tepa bila shida kisha boliti ya kuvutia (ile ndefu inayopita ndani ya spindo kutoka juu) ikashindwa kuzishika, ingawa zote zimeandikwa 40. Naomba ushauri juu ya tepa ipi inafaa kazi zangu, na hilo sanduku nilielewe vipi.

Mwalimu wa Karakana

Ndugu yangu, swali lako ni la msingi, kwa sababu mashine unaweza kuibadilishia mota na mikanda, lakini tepa ya spindo utaishi nayo, na kila holda utakayonunua itaifuata.

Tepa ya Morse ina mteremko mdogo sana, takriban 1 kwa 20, na kwa hiyo hujishika yenyewe kwa msuguano. Ilibuniwa kwa ajili ya keekee, ambako nguvu inasukuma kuelekea juu na kuizidisha kukaza. Katika milingi nguvu inatoka ubavuni tena kwa mapigo, kila jino linapoingia kwenye chuma, na tepa hiyo inaweza kulegea na kuanguka isipofungwa na boliti kutoka juu. Ukishaifunga, kuitoa ni lazima ulegeze boliti kidogo na kuigonga kwa nyundo, na mapigo hayo hupitia kwenye beringi za spindo. Kwa anayebadilisha kikataji mara kwa mara kutwa nzima, hilo si jambo dogo.

R8 ni ya Bridgeport yenyewe. Ina sehemu ya silinda juu na tepa fupi chini yenye pembe ya nyuzi 16 na dakika 51, na uzuri wake mkubwa ni kwamba koleti (bomba fupi lililopasuliwa linalobana kikataji) inakaa moja kwa moja ndani ya spindo, hivyo hupotezi urefu kati ya kichwa na meza. Hata hivyo, kinachozuia kikataji kisizunguke ndani yake ni msuguano tu. Ile pini ndogo ndani ya spindo kazi yake ni kuizuia koleti isizunguke unapokaza boliti, na haikuwekwa ibebe nguvu ya kukata.

Namba 40 ni tepa ya 7 kwa 24, yaani kipenyo hupungua 7 kwa kila 24 za urefu. Pembe yake inakaribia sana ile ya R8, ila haziingiliani hata kidogo. Yenyewe haijishiki: ukilegeza boliti inaachia bila ugomvi. Nguvu ya kuzungusha inabebwa na kii mbili zilizofungwa kwenye uso wa spindo, ambazo huingia kwenye nafasi zilizochongwa kwenye flanji ya holda, na tepa inabaki na kazi ya kuweka holda katikati. Kwa kusawazisha flanji za kasti kwa kikataji kipana, mimi ningechukua hiyo ya tatu, ikiwa umeme wa fezi tatu unao na sakafu yako inabeba.

Fundi wa Kisauni

Namheshimu mwalimu, lakini nataka nitetee R8. Kazi alizozitaja ndugu yetu nyingi ni njia za kii kwenye shafti, na hizo R8 inazifanya bila kulalamika. Flanji anazipata mara chache, na anaweza kuzichukua kwa mikato myembamba. Koleti zake hupatikana kwa bei nafuu, na kichwa cha mashine ile kinageuka, jambo ambalo litamsaidia siku akiletewa kazi ya pembe. Angalizo langu ni mbili tu. Kwanza, koleti ya R8 inashika kipenyo kilichoandikwa juu yake na si zaidi, kwa hiyo atahitaji koleti kwa kila kipenyo, cha inchi na cha milimita. Pili, apime nyuzi za boliti (mistari yake ya skrubu): za asili ni 7/16 ya inchi zenye nyuzi 20 kwa inchi, lakini zipo mashine za R8 zilizotengenezwa na boliti ya M12, yaani ya milimita 12.

Mtunza Holda

Nilisubiri mtu aligusie sanduku, kwa kuwa hapo ndipo penye fedha. "40" inakueleza tepa tu, yaani mdomo mpana wa milimita 44.45, na haikuelezi mkia wala flanji. Holda za mashine za mkono, zile za DIN 2080 (kiwango cha Kijerumani), zina mkia wa silinda baada ya tepa na nyuzi za M16. Zile za kizamani za Kimarekani zinafanana nazo, ila nyuzi zake ni 5/8 ya inchi zenye nyuzi 11. Kisha kuna holda za mashine za kompyuta: BT ya Kijapani, SK ya Kijerumani na CAT ya Kimarekani. Hizi hazina mkia, flanji zake zina mfereji wa kushikwa na mkono wa kubadilisha vifaa, na huvutwa kwa kitufe kinachofungwa nyuma yake. BT na SK ni M16. CAT ni ya inchi.

Sasa tazama dalili. Boliti ikizunguka bila kugusa kitu, huenda holda haina mkia na boliti yako haifiki. Ikiingia mzunguko mmoja au miwili kisha ikakwama, umekutanisha M16 na 5/8. Vipenyo vinapishana kwa kama sehemu moja ya nane ya milimita, na ndiyo maana zinadanganyana mwanzoni. Tafadhali usilazimishe kwa spana, utaharibu nyuzi za boliti na za holda kwa pamoja.

Mkerezaji wa Morogoro

Nimerudi jana kuangalia. Holda zilizokataa zote zina mfereji kwenye flanji, na boliti ilikuwa inazunguka bure. Zilizokubali zina mkia, na miongoni mwake ipo chaki moja (holda inayobana koleti) ya koleti za aina ya ER32. Naelekea kuichukua hiyo ya tatu, kwa vile nataka kuzifanya flanji ziwe kazi ya kudumu. Je, kabla ya kulipa nikague nini?

Mwalimu wa Karakana

Chaki hiyo peke yake itakubeba mbali, kwa kuwa koleti za ER32 zinashika hadi milimita 20, na kila moja hujibana kwa takriban milimita moja, hivyo seti moja inameza vipenyo vyote vya katikati. Zile zenye mfereji usizilipie, au mwombe muuzaji azitoe kwenye bei.

Kagua mdomo wa spindo kabla ya kitu kingine. Ufute kwa kitambaa kikavu, kisha uchukue holda nzuri, upake mistari miembamba ya wino wa buluu wa mafundi kutoka juu hadi chini ya tepa, uiingize, uizungushe kidogo tu na uitoe. Wino ukiwa umefutika kwa urefu wote, au zaidi upande mpana, spindo iko salama. Ukifutika upande mwembamba tu, mdomo umepanuka na kila kikataji kitayumba. Angalia pia madoa ya kutu ya rangi ya kahawia kwenye holda za zamani, kwani hayo hutokana na holda kuchezacheza ndani ya tepa wakati wa kazi. Mwisho, tikisa zile kii mbili kwa mkono. Zikiwa zimelegea boliti zake hukazwa, lakini zikiwa zimeliwa kingo utachonga mpya, na chuma chake kiwe kigumu.