Gumzo la ukoo: mchango wa nyumba mpya

Mjomba: Habari za asubuhi wanangu. Ramani imepita, ila halmashauri wanasema kabla ya kibali nilipe mchango wa huduma za jamii. Barabara, shule, uwanja wa watoto. Vyote nivibebe mimi?

Kaka: Shikamoo Mjomba. Huo ni uonevu. Kodi ya kiwanja unalipa, ada ya kibali unalipa, bado tu?

Shangazi: Punguza ukali mwanangu. Hapa kwangu walipojenga yale maghorofa, maji yakawa yanatoka usiku wa manane tu, tena kama uzi. Bomba ni lile lile la zamani. Aliyejenga keshauza kaondoka, sisi tumebaki na ndoo.

Mimi: Shikamooni. Shangazi ana hoja, na mimi siipingi tozo yenyewe. Ila ilingane na mzigo unaoletwa na nyumba hiyo. Kama darasa lilikuwa limejaa kabla Mjomba hajachimba msingi, hilo ni deni la mji mzima.

Mjomba: Marahaba. Sasa nitajuaje kama inalingana?

Mimi: Waoneshe hesabu. Kuna George Sheetz wa California, aliomba kibali cha kuweka nyumba iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake, akatozwa dola 23,420 kwa ajili ya barabara. Kiwango kilitolewa kwenye jedwali, hakuna aliyepima nyumba yake itaongeza magari mangapi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2024 majaji wote wakakubaliana kwamba tozo haiepuki kupimwa kama inalingana na mzigo eti kwa sababu imepitishwa kwa sheria ya jumla.

Kaka: Akarudishiwa hela?

Mimi: Uamuzi ule haukusema tozo yake ni batili. Kesi ilirudishwa mahakama za chini.

Binamu: Mnasema mjenzi analipa, mbona mwisho wa siku bei inatuangukia sisi wanunuzi?

Mimi: Inategemea imejulikana lini. Kampuni ikiijua mapema, inaikata kwenye bei inayompa mwenye ardhi. Ikizuka kiwanja kishanunuliwa, ama inapandisha bei ya nyumba, ama inaacha kujenga. Ndiyo maana nakasirika viwango vikifichwa. England na Wales kuna tozo inayohesabiwa kwa mita ya mraba ya sakafu inayoongezeka, na halmashauri haianzi kuitoza mpaka jedwali lake lipitiwe na mkaguzi huru. Anayejijengea nyumba ya kuishi mwenyewe anasamehewa, mradi aombe kabla ya kuanza ujenzi.

Binamu: Hapo sawa.

Shangazi: Mimi kinachoniuma ni baada ya kulipa. Eneo la uwanja wa watoto tuliloahidiwa lina kibao kizuri, nyasi zimefika kiunoni. Wajukuu wanacheza mpira barabarani, gari likija wanakimbilia mtaroni. Pesa ilikusanywa, iko wapi?

Mimi: Hapo ndipo penye kazi, Shangazi. Sheria ya California inataka fedha hizo zikae kwenye akaunti yake, zisichanganywe na nyingine. Kila miaka mitano halmashauri ieleze zilizobaki ni za nini na kwa nini bado zinahitajika. Ikishindwa, inawarudishia wamiliki wa sasa wa viwanja vilivyotozwa. Nako England, asilimia 15 ya tozo ile inatengwa kwa ajili ya eneo nyumba zilipojengwa. Wakazi wakiwa na mpango wao wa maendeleo uliopitishwa, inakuwa 25.

Kaka: Ya kurudishiwa naiunga mkono kwa mikono miwili. Wakituwekea hiyo, Mjomba alipe.

Mjomba: Nikienda niulize nini basi?

Mimi: Uliza wamehesabu mita ngapi, na kama nyumba ya zamani unayoibomoa imeondolewa kwenye hesabu hiyo. Familia ilikuwa inaishi humo, inatumia maji na barabara hizo hizo, kwa hiyo mzigo mpya ni ile tofauti tu. Uliza pia pesa inaingia akaunti gani, na kama unaweza kulipa kwa awamu.

Mjomba: Ngoja nichukue karatasi.

Mjomba: Wamehesabu sakafu yote. Ya zamani haimo kabisa.

Mimi: Piga picha uitume hapa, nikuandikie barua ya kuomba wahesabu upya.

Shangazi: Mjomba wao, siku ya kwenda nipitie. Nina swali langu la uwanja.