Naomba ushauri: kengele ya kifaa cha kurekodi joto kwenye friji ya chanjo

Habari wakuu. Zahanati yetu ina kifaa kipya cha kurekodi joto la friji ya chanjo. Mipaka ya kengele unapanga mwenyewe kwa kompyuta. Aliyekifunga aliweka nyuzi 2 na 8, bila muda wa kusubiri. Siku ya kliniki ya watoto, mlango ukifunguliwa mara mbili tatu kinalia, na wauguzi wameshazoea kukizima bila kutazama kioo. Hilo linanitia hofu.

Vifaa vinavyotunza rekodi ya joto ya siku 30, vya viwango vya WHO, hulia joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi -0.5 kwa dakika 60. Niige hivyo? Saa 10 naona nyingi, ingawa baridi ndiyo hatari zaidi: pentavalenti (chanjo moja ya kukinga magonjwa matano) ikiganda haifai tena. Na kihisi mnakiweka rafu ipi?