Mrejesho: chuchu zilizochanika, mtoto wa siku 6

Wapendwa, niliuliza kuhusu chuchu kuchanika na kichanga anayelia kila akiachia titi. Asanteni mno. Maziwa hayakuwa machache. Shida ilikuwa mkao, alishika ncha ya chuchu tu. Mtori (supu nzito ya ndizi) unampa mzazi nguvu kweli, lakini haurekebishi mkao.

Sasa tumbo lake liko kwenye tumbo langu, pua mkabala na chuchu. Nasubiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo namsogeza kwa kumshika mgongo na mabega, si kisogo. Kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu kuliko chini. Chuchu ikitoka imebapa upande mmoja kama lipstiki mpya, hajashika vizuri. Ingiza kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo wake, aachie, uanze upya. Kumchomoa kwa nguvu nako kunachana chuchu.

Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, analowesha nepi 6 au zaidi, choo kimegeuka njano. Baada ya kunyonyesha napaka tone la maziwa, naacha likauke.

Titi likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na usiache kunyonyesha.